Bunduki moja ya Goma, makombora ya Kumamoto

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wamejaa Goma na kipindupindu kimeshaua maelfu, serikali ya Japani ilikubali kutuma wanajeshi wake Zaire kusaidia. Mjadala uliowaka Tokyo haukuwa wa dawa wala mahema. Ulikuwa wa bunduki za rashasha: kikosi kibebe moja au mbili? Waziri Mkuu alikuwa Murayama Tomiichi, msoshalisti, ambaye chama chake kwa miongo kadhaa kilishikilia kwamba jeshi la nchi yao lenyewe ni kinyume cha katiba. Ikapita moja. Wanajeshi wakaenda nayo, wakatibu wagonjwa, wakasafisha maji ya kunywa, wakanyunyiza dawa ya kuua wadudu, huku ndege zao za C-130 zikipiga safari kati ya Nairobi na Goma. Kufikia Desemba walikuwa wameshafunga mizigo.

Miaka 30 baadaye Japani hiyo hiyo imetia saini mkataba wa kununua hadi makombora 400 ya Tomahawk kutoka Marekani. Kiwandani kwa Mitsubishi linatengenezwa kombora la Aina ya 12 lililoboreshwa, lenye kufika takriban kilomita 1,000, na kambi ya Kengun huko Kumamoto ndiyo iliyochaguliwa kulipokea kwanza. Chukua ramani, pima kutoka Kumamoto: kilomita 1,000 zinakufikisha pwani ya China.

Katiba ya 1994 na ya leo ni moja. Haijaguswa hata nukta tangu ilipoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Kwa hiyo anayengoja Japani ibadili katiba ndipo aseme imebadilika, atangoja huku msafara umeshapita. Nchi ile husogea kwa maana ya maneno: neno hulegezwa kwanza, sheria hufuata, bajeti hufuata, chuma huja mwisho. Na leo imefika mahali ambapo maneno yameshalegezwa karibu yote yaliyokuwa yakiizuia. Kinachoizuia sasa ni watu, yeni na maghala.

Neno kwanza

Ibara ya 9 ina aya mbili. Ya kwanza inaachana milele na vita kama haki ya taifa. Ya pili inasema majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga, pamoja na nguvu nyingine za kivita, hayatawekwa. Mwanzoni mwa aya ya pili Bunge liliongeza maneno machache mwaka 1946: "ili kutimiza lengo la aya iliyotangulia". Wapo waliojenga hoja nzima juu ya maneno hayo, kwamba kilichokatazwa ni jeshi la uchokozi tu. Serikali yenyewe haikujenga hapo. Msimamo wake ni kwamba kila taifa lina haki ya asili ya kujilinda, na nguvu ndogo kabisa inayotosha kujilinda si "nguvu za kivita" zilizokatazwa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu "ndogo kabisa inayotosha" hupimwa kwa hali ya wakati, na wakati haukai mahali pamoja.

Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani wakapelekwa huko, na kwa amri ya Jenerali MacArthur kikaundwa kikosi cha watu 75,000 kilichoitwa Polisi wa Akiba. Kilikuwa na vifaru, ila haikufaa polisi kuwa na vifaru, hivyo vikaitwa "magari maalumu". Mwaka 1954 kikosi hicho kikakua kuwa Jieitai, yaani Vikosi vya Kujihami. Mpaka leo manowari zao huitwa rasmi "meli za kusindikiza". Meli ya Izumo ina urefu wa mita 248, na sitaha yake imerekebishwa ili ndege za kivita za F-35B zitue na kuruka. Kwenye karatasi bado ni meli ya kusindikiza.

Mlinzi wa maana za maneno haya alikuwa ofisi isiyojulikana sana nje: Idara ya Sheria ya Baraza la Mawaziri. Ndiyo iliyopitia kila muswada wa serikali, na wakuu wake walipandishwa kutoka ndani kwa zamu iliyozoeleka. Mwaka 1972 serikali iliandika kwamba Japani inayo haki ya kujihami kwa pamoja na nchi nyingine, kama mataifa yote, lakini katiba hairuhusu kuitumia. Maneno hayo yalisimama zaidi ya miaka 40. Agosti 2013 Waziri Mkuu Abe Shinzo akavunja zamu, akamleta Komatsu Ichiro, mwanadiplomasia kutoka nje ya idara, kuwa mkuu wake. Tarehe 1 Julai 2014 Baraza la Mawaziri likatoa uamuzi uliochukua hoja ile ile ya 1972, ukaishia kwenye jibu la kinyume.

Sharti jipya ni hili: Japani inaweza kutumia nguvu hata kama haijashambuliwa yenyewe, endapo nchi yenye uhusiano wa karibu nayo imeshambuliwa, na kwa sababu hiyo uhai wa Japani umetishiwa na haki za msingi za watu wake zimo hatarini kupinduliwa, endapo hakuna njia nyingine, na kwa kiasi kidogo kabisa kinachohitajika. Juni 2015 wataalamu watatu wa katiba waliitwa bungeni, akiwemo Hasebe Yasuo aliyependekezwa na chama tawala chenyewe cha LDP. Wote watatu wakasema muswada wa kuligeuza sharti hilo kuwa sheria unavunja katiba. Septemba 2015 ukapita hata hivyo, huku maelfu wamesimama mvuani nje ya Bunge.

Napenda kusema wazi: njia hii ina gharama ambayo watetezi wake huipunguza. Neno likibeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, anayelipa ni askari aliye uwanjani. Mfano upo karibu nasi. Wahandisi wa Vikosi vya Kujihami walikuwa Juba kuanzia 2012, chini ya Umoja wa Mataifa, wakijenga barabara. Sheria ya Japani ya kulinda amani, ya mwaka 1992, inataka pawe na makubaliano ya kusitisha mapigano. Yakivunjika, kikosi kiondoke. Julai 2016 Juba ililipuka. Taarifa za kila siku za kikosi ziliandika "mapigano". Tokyo ikasema huo ni "mgongano wa kutumia silaha", maana kukiri mapigano kungeleta swali la Ibara ya 9. Kisha taarifa zenyewe zikasemekana zimeharibiwa, halafu zikaonekana zipo. Kikosi kiliondoka Mei 2017, na Waziri wa Ulinzi Inada Tomomi akajiuzulu Julai. Walioandika ukweli walikuwa wanajeshi waliokuwa wakisikia milio kwa masikio yao.

Safari ndefu ya kombora

Wengi huhesabu mageuzi ya ulinzi ya Japani kuanzia Desemba 2022, lakini kuelewa makombora yale inabidi kurudi kwenye mradi uliokufa. Serikali ilitaka kujenga mitambo miwili ya nchi kavu ya kuzuia makombora ya Korea Kaskazini, Aegis Ashore, mmoja Akita na mwingine Yamaguchi. Akita, wapimaji walitumia picha za Google Earth bila kusahihisha kipimo cha urefu wa kwenda juu, milima ikaonekana mirefu kuliko ilivyo, na maeneo mbadala yakaenguliwa kwa hesabu mbovu. Wakazi wakagundua, imani ikaisha. Yamaguchi, wakazi waliahidiwa kwamba kipande cha chini cha kombora la kuzuia, kikishamaliza kazi, kitaanguka ndani ya uwanja wa jeshi. Ikaja kubainika kwamba ahadi hiyo haiwezekani bila kutengeneza upya kombora lenyewe, kwa miaka mingi na fedha nyingi. Juni 2020 Waziri wa Ulinzi Kono Taro akausimamisha.

Pengo hilo likazua swali: kama kuzuia kila kombora angani ni ghali na hakuna uhakika, je, kwa nini tusiweze kupiga linakotoka? Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, swali lilikuwa limeshapikwa. Juni mwaka huo, Waziri Mkuu Kishida Fumio alisema Singapore kwamba Ukraine ya leo huenda ikawa Asia Mashariki ya kesho. Tarehe 16 Desemba 2022 zikapitishwa nyaraka tatu kwa siku moja: Mkakati wa Usalama wa Taifa, Mkakati wa Ulinzi wa Taifa, na Mpango wa Kujenga Ulinzi. Ndani yake China inaitwa changamoto ya kimkakati kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea, na uwezo wa kujibu mashambulizi unaruhusiwa.

Ukipata muda wa kusoma moja tu, soma ya tatu. Ya kwanza ni maneno. Ya tatu ni manunuzi.

Yeni

Mpango ni yeni trilioni 43 kwa miaka 5 ya fedha, 2023 hadi 2027, na matumizi ya ulinzi kufika asilimia 2 ya pato la taifa. Kuanzia 1976 ukomo usio wa kisheria ulikuwa asilimia 1. Bajeti ya ulinzi iliyokuwa karibu trilioni 5.4 mwaka wa fedha wa 2022 ikawa karibu 8.7 mwaka wa 2025.

Hapa msomaji awe makini na mambo matatu. Kwanza, ile asilimia 2 si ya wizara ya ulinzi peke yake: imejumlisha walinzi wa pwani, utafiti, viwanja vya ndege na bandari ambazo jeshi linaweza kuzitumia, na imepimwa kwa pato la taifa la mwaka wa fedha wa 2022. Pili, fedha ya mwaka ni malipo, haionyeshi mikataba. Manowari ikiagizwa leo hulipwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mikataba inayotiwa saini sasa italipwa baada ya 2027, na serikali ijayo itaukuta mzigo umeshafungwa. Tatu, dola. Mpango ulikadiria dola moja kwa takriban yeni 108 kwa miaka mingi ya kipindi hicho. Katikati ya 2024 dola ilivuka yeni 160. Kila kinachonunuliwa Marekani kikapanda bei bila kuongezwa hata skrubu moja. Na ununuzi wenyewe hupitia utaratibu wa serikali ya Marekani ambamo bei ni makadirio, malipo hutangulia, na tarehe ya kupokea si ahadi.

Anayetaka kufuatilia afuate kalenda: mwisho wa Agosti wizara huwasilisha maombi yao ya fedha, mwisho wa Desemba Baraza la Mawaziri hupitisha, Bunge hujadili kuanzia Januari, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Aprili. Kinachoombwa Agosti na kisionekane Desemba ndicho chenye habari.

Fedha zinatoka wapi? Kupandisha kodi kuliahirishwa tena na tena. Nyongeza ya kodi za makampuni na tumbaku ikapangiwa Aprili 2026. Wakati huo huo, mwaka wa fedha wa 2023, kwa mara ya kwanza baada ya vita serikali ilitumia hatifungani za ujenzi kwa majengo na meli za jeshi. Kwa Mjapani anayeijua historia ya nchi yake, hilo si jambo la kihasibu. Vita vya miaka ya 1930 na 1940 viliendeshwa kwa hatifungani zilizoishia kuwa karatasi tupu mikononi mwa raia, na mwiko wa kutokopa kwa ajili ya silaha uliwekwa kwa sababu hiyo. Umevunjwa kwa kelele kidogo mno.

Watu

Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa Japani ni watu. Idadi iliyoidhinishwa ya wanajeshi ni takriban 247,000. Waliopo hawafiki 225,000. Mwaka wa fedha wa 2023 walipatikana nusu tu ya waliolengwa. Umri wa juu wa kujiunga ulishapandishwa kutoka 26 hadi 32 mwaka 2018. Vijana ni wachache, makampuni binafsi yanawagombea, na mishahara ya kambini haishindani.

Ndiyo maana meli za daraja la Mogami ni za kutazamwa kwa makini kuliko Tomahawk. Zimesanifiwa ziendeshwe na mabaharia wapatao 90, chini ya nusu ya manowari nyingi za ukubwa unaokaribiana nazo. Ukosefu wa watu ndio uliozichora. Na ndicho kilichozipa soko: Agosti 2025 Australia, yenye njaa hiyo hiyo ya mabaharia, ilichagua toleo lililoboreshwa la Mogami kwa manowari zake 11, 3 za kwanza zikijengwa Japani. Mwaka 2016 Japani ilikuwa imeshindwa na Ufaransa katika zabuni ya nyambizi za Australia, maana kampuni zake hazikuwa na uzoefu wa kuuza silaha nje. Marufuku ilikuwa imelegezwa miaka miwili tu kabla. Safari hii walijifunza.

Ndani ya nchi viwanda vilikuwa vikiondoka. Kampuni ya Komatsu ilijitoa kwenye magari mapya mepesi ya deraya mwaka 2019. Mitsui ikauza ujenzi wake wa meli za kivita kwa Mitsubishi mwaka 2021. Mteja ni mmoja, oda ni chache, faida ilikuwa nyembamba. Sheria ya 2023 ikafungua njia ya kuisaidia sekta hiyo, na faida inayokubalika kwenye mikataba ikapandishwa, inaweza kufika asilimia 15. Ilikuwa imechelewa kiasi kwamba mafundi wa kijeshi walikuwa wakichomoa vipuri vya ndege moja kukarabati nyingine. Na risasi? Takriban asilimia 70 zilikuwa zimehifadhiwa Hokkaido, kaskazini, palipotazamiwa Wasovieti. Hatari ya leo iko kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Yanajengwa maghala mapya yapatayo 130, na kila mji unaopangiwa ghala unauliza maswali yale yale ya Yamaguchi.

Njia ya bahari inayopita kwetu

Sera ya Bahari ya Hindi na Pasifiki iliyo huru na wazi, ambayo leo hata Washington na Delhi wanaizungumza, Abe aliitangaza Nairobi, Agosti 2016, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, wa kwanza kufanyika Afrika. Haikuwa bahati mbaya. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ghafi ya Japani hutoka Mashariki ya Kati, na meli zake hupita bahari hii. Tangu Julai 2011 ina kambi Djibouti, ya kwanza nje ya nchi tangu vita, iliyoanza kwa ajili ya maharamia wa Somalia na ambayo haina dalili ya kufungwa. Gati la makontena la Mombasa lililofunguliwa 2016 lilijengwa kwa mkopo wa Japani. Tangu 2015 wahandisi wa jeshi lake wamekuja Nairobi kufundisha wanajeshi wa nchi zetu kuendesha mitambo ya barabara, chini ya Umoja wa Mataifa.

Kuna aina mpya ya msaada, OSA, yaani msaada rasmi wa usalama, iliyoanza 2023: Japani sasa hutoa vifaa kwa majeshi ya nchi nyingine, jambo ambalo msaada wake wa maendeleo ulilikataa siku zote. Ufilipino ilipata rada za pwani. Djibouti imo kwenye orodha iliyofuata. Atakayepewa kesho asome masharti ya matumizi kabla ya kupiga picha ya kukabidhiwa.

Mlango wa bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Omani, ndio mfano ambao Abe aliurudia bungeni akilitetea sharti lile jipya: mtu akitega mabomu ya bahari pale, Japani itaruhusiwa kuyatoa vita vikiendelea? Lakini mwanzoni mwa 2020 hali ilipokuwa mbaya kweli, meli ya Takanami ilitumwa Ghuba ya Omani na kaskazini mwa Bahari ya Arabia kwa kifungu cha "uchunguzi na utafiti", na eneo lake la kazi halikuingia Hormuz yenyewe. Tehran haikutakiwa iudhike, Washington haikutakiwa ikataliwe. Huo ndio udiplomasia wa Japani ulipo hodari.

Visiwa

Yonaguni iko kilomita 110 tu kutoka Taiwan, na ina wakazi wapatao 1,700. Kituo cha jeshi kikafunguliwa 2016. Miyako ikafuata 2019, Ishigaki 2023. Okinawa, mkoa wa visiwa hivi, ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, na hubeba karibu asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na kambi za Marekani pekee. Mwaka 2019 wapiga kura wake walikataa kwa asilimia 72 ujenzi wa kambi mpya ya Marekani huko Henoko. Ujenzi ukaendelea, juu ya sakafu ya bahari laini inayohitaji nguzo takriban 71,000. Sijasikia hoja ya usalama inayofuta hesabu hiyo.

Tarehe 7 Novemba 2025 Waziri Mkuu Takaichi Sanae, akijibu swali bungeni, alisema kwamba manowari zikitumiwa kwa nguvu dhidi ya Taiwan, inaweza kuwa ile hali ya kutishia uhai wa taifa. Watangulizi wake waliliacha jibu hilo gizani kwa makusudi. China ikawaambia raia wake wasisafiri Japani na ikazuia tena samaki kutoka huko. Neno moja, miaka 10 baada ya kuandikwa kwenye sheria, lilikuwa limetajiwa mahali.

Machi mwaka huo huo serikali ilitoa mpango wa kuwahamisha watu 120,000, wakazi na watalii, kutoka visiwa vya Sakishima, vikiwemo vile vitatu, hadi Kyushu na Yamaguchi: 20,000 kwa siku, siku 6, kwa ndege na meli. Yonaguni panapangwa handaki la kukaa watu 200 kwa wiki mbili. Hesabu ya siku 6 inataka hali ya hewa nzuri, na inataka watu waondoke kabla risasi ya kwanza haijalia, kupitia viwanja na bandari zile zile ambazo jeshi litakuwa likizihitaji kuingia. Kwa hiyo Tokyo lazima itangaze mapema kwamba shambulio linatarajiwa, na tangazo hilo Beijing italisikia saa ile ile na wakulima wa Ishigaki. Nao wakulima wana swali lao kuhusu siku 6 hizo: ng'ombe, je?